Sanamu ya Chuma ya Mama Otema

Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala, ni mahali pa kelele, na anayetafuta fundi huko huwa anaelekezwa kwa ishara za mikono, maana mdomo hausikiki. Ogutu peke yake ndiye aliyepatikana kwa masikio. Ilipofika saa saba mchana, mashine za kuchomelea zikinyamaza ili watu wapate kula, palikuwa na kona moja ambako kelele haikukoma bali ilibadilika tu: watu walikuwa wanabishana kuhusu Nuhu, au kuhusu mke wa Lutu, au kama punda wa Balaamu aliongea kwa sauti ya kike au ya kiume. Hapo ndipo kwa Ogutu.

Alikuwa Mjaluo wa Siaya, upande wa Kenya. Aliingia Kampala miaka ishirini na saba iliyopita kwa kazi ya miezi mitatu, na hadi leo miezi hiyo mitatu haijaisha. Alitengeneza mageti. Simba wake walijulikana: manyoya ya shingo aliyafanya kwa vipande vya nondo nyembamba alivyovikunja kimoja kimoja, na meno aliyachonga kwa tupa mpaka watoto wakaogopa kupita karibu. Wenye nyumba za Muyenga walimtaka awape simba wawili, mmoja kila ubao wa geti. Wengine walipendelea korongo, yule wa bendera ya Uganda. Kwa Ogutu yote yalikuwa sawa, mradi chuma kikubali.

Lakini chuma kilimlisha tu. Kilichomfanya aruke kitandani ni Jumamosi. Ogutu alikuwa Msabato, na kwa miaka kumi na mmoja alifundisha darasa la watu wazima katika kanisa lao dogo: benchi sita chini ya paa la mabati, kando ya tangi la maji. Hakuhubiri. Alitupa swali katikati ya watu kama mtu anayewatupia kuku mahindi, akakaa pembeni kuwatazama wakigombana. Zikibaki dakika tano alisimama, akatoa jibu, na jibu la Ogutu likishatoka hakuna aliyeongeza neno. Mkewe, Aluoch, alimwambia mara nyingi kwamba angeweza kupoteza karakana akapona, lakini akinyang'anywa darasa lile wangemzika ndani ya mwezi. Aluoch hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Basi Jumanne moja asubuhi akatokea mwanamke wa miaka kama sitini, amenyooka mgongo, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kukaguliwa. Mkononi alikuwa na gunia dogo. Hakusalimia. Alilifungua gunia juu ya meza ya kazi, akalimimina. Vilianguka vipande vya plasta: mkono mmoja, nusu ya uso, na pindo la nguo ya buluu.

"Wewe ndiyo mwalimu Ogutu?"

"Ndimi, mama. Karibu. Ni geti au ni madirisha?"

"Mimi ni Rosalba Abalo. Mama ya Otema. Otema polisi, ule murefu. Anasoma Biblia kwako Jumamosi."

Ogutu alitabasamu kabla hajajua kwamba hapakuwa na sababu ya kutabasamu. Otema alikuwa fahari yake. Konstebo wa miaka ishirini na sita, alikuwa amejiunga na darasa miezi minane iliyopita, na kila neno aliliandika kwenye daftari. "Kijana mzuri sana, mama. Umelea."

"Kijana muzuri amevunja Bikira Maria yangu na nyundo."

Ogutu akaitazama ile nusu ya uso. Jicho moja lilikuwa zima.

"Nimetoka sokoni, nakuta ameshavunja. Nauliza, Otema, nani amekutuma? Anasema, mwalimu amefundisha. Amri ya pili. Kwetu sisi Wakatoliki hiyo iko ndani ya amri ya kwanza, lakini wacha hiyo. Mimi nimefukuza yeye. Sasa analala na rafiki yake huko kambini. Na mimi nataka Bikira Maria nyingine. Ya chuma. Nyundo ikuje, nyundo ndiyo ivunjike."

"Mama Otema, imani yangu hainiruhusu..."

"Wewe umefundisha ivunjwe. Wewe utatengeneza." Rosalba alikuwa ametumikia miaka ishirini na mbili kama askari wa gereza la wanawake kule Luzira, na sentensi yake ilipofika mwisho ilikuwa imefika. "Wiki moja nakupa, ya kufikiri."

Akaondoka. Vipande aliviacha pale mezani.

Ogutu alianza kwa kujitetea, kama mtu yeyote. Si yeye aliyetoa nyundo. Halafu akalikumbuka lile somo. Lilikuwa Sabato tatu nyuma. Zikiwa zimebaki dakika tano, alisimama akauliza: sanamu ukiikuta nyumbani mwako, dawa yake nini? Akajibu mwenyewe: ni kuivunja. Watu wakasema amina kwa nguvu, hata mtu aliyekuwa akichota maji tangini akageuka. Na ukweli, ambao Ogutu aliukubali akiwa amesimama na tupa mkononi, ni kwamba alipolisema lile neno hakuwa na nyumba ya mtu yeyote kichwani. Lilikuwa ni neno zuri la kumalizia, basi.

Mchana alilipeleka jambo kwa Rukiah, aliyeuza chakula jirani na karakana. Rukiah alikuwa Mwislamu, mke wa sajenti mstaafu, na kaka yake wa tumbo moja alikuwa katekista wa Kikatoliki. Kwao Iddi na Krismasi zote zilikuwa sikukuu za kula, na kubishana dini kulikuwa ni mboga ya kila siku.

"Sisi sanamu hatutengenezi hata ya kuku," alisema Rukiah akimgeuzia chapati. "Kwa hiyo mimi nina ruhusa ya kuwacheka nyote. Wewe umeweka simba Kampala nzima, leo unaogopa mama mmoja?"

"Simba haombwi, dada."

"Umewauliza wenye mageti? Yule tajiri wa Muyenga anamwamini simba wako kuliko askari wake."

Watu wakacheka. Ogutu naye akacheka, lakini neno likamwingia kama kibanzi kwenye kidole. Akafungua Biblia pale pale, mafuta ya chapati vidoleni, akarudi kwenye kitabu cha Kutoka. Alikuwa akitafuta ile amri. Akapita mbali kidogo, akakutana na Bezaleli, fundi wa jangwani, ambaye Mungu alimjaza roho na ustadi ili afue dhahabu, fedha na shaba. Fundi wa chuma mwenzake! Na huyo Bezaleli aliagizwa afue makerubi wawili wenye mabawa, awaweke juu ya kifuniko cha sanduku, na ndani ya sanduku hilo ndimo zilimokaa mbao za mawe zilizoandikwa amri, pamoja na ile inayokataza sanamu.

Ogutu aliiweka chapati chini. Miaka kumi na mmoja amefundisha kitabu hiki, na ukurasa huu alikuwa akiupita kama mtu anavyoipita nyumba ya jirani asiyemdai.

Wiki ile hakulala mapema wala hakula vizuri, lakini hakuwa na huzuni. Alikuwa na ule mwasho ambao anaujua mtu aliyepoteza ufunguo na anahisi uko chumba hiki hiki. Alimkuta nyoka wa shaba ambaye Musa aliagizwa amtengeneze, watu wamtazame wapone. Akamkuta nyoka yule yule, karne nyingi baadaye, akivunjwa vipande vipande na mfalme Hezekia kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba, na mfalme akasifiwa kwa kumvunja.

"Mama Travis," alimwambia mkewe mezani, "aliyetengeneza alitii. Aliyevunja alitii. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni nini?"

"Kula kwanza, baba Travis."

"Nyoka au watu?"

Aluoch akafikiri, maana alimjua mumewe, bila jibu asingekula. "Watu. Nyoka alikuwa shaba tu."

"Basi anayevunja lazima awe amewajua watu kwanza. Ajue wanakifanyia nini."

"Na wewe ulimjua huyo mama?"

Ogutu akachukua kijiko, akala.

Jumamosi darasa lilijaa. Otema alikuwa benchi la pili, daftari gotini, amekonda. Habari zilikwishafika, wengine walikuwa wamempa mkono mlangoni kwa ushujaa wake. Ogutu akamwomba asimame.

"Otema, mama yako alikuwa akiifanyia nini ile sanamu?"

"Anawasha mshumaa, mwalimu. Anapiga magoti."

"Halafu?"

"Anaongea Kiacholi. Polepole."

"Anasema nini?"

"Sijasikia."

"Uliwahi kumwuliza?"

Otema akaangalia daftari lake, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo. Hapo benchi zikalipuka. Mmoja alisema dhambi haiulizwi maelezo. Mwingine akasema aliyevunja amri ya sanamu ni mama, lakini aliyevunja amri ya kuheshimu wazazi amesimama hapo hapo, tumpime kwa ipi? Mzee Nyongesa, Mbukusu wa Bungoma aliyeuza vipuri vya magari na aliyekuwa mzee wa kanisa, alikaa tu benchi la mbele. Dakika tano za mwisho zikafika. Watu wakanyamaza wakingoja jibu.

"Leo sina," alisema Ogutu. "Kesho nakwenda kumwuliza mwenyewe."

Hawakupenda. Walitoka wakinung'unika, na mtu mmoja akasema afadhali wangeimba.

Rosalba aliishi Luzira, kando ya barabara inayoteremka kwenda Port Bell, mahali ambapo mabehewa yakipita kuelekea kwenye feri vikombe hutetemeka kabatini. Alimkaribisha Ogutu kwa chai na odii, rojo nzito ya ufuta uliosagwa. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu mumewe, Ocaya, akiwa amevaa sare za polisi. Pembeni palikuwa na kimeza kitupu chenye kitambaa cheupe.

"Mama Otema," alisema Ogutu, "nimekuja kuuliza kitu ambacho nilipaswa kukiuliza kabla ya kufundisha. Ukipiga magoti pale, unaomba nini?"

Rosalba alimtazama muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiwatazama wageni wa gereza.

"Mimi nimekaa kwa ile geti mwaka ishirini na mbili," alisema. "Unajua nani anakuja kuona mufungwa? Bwana yake anakuja mwezi moja, mbili, anachoka. Rafiki, hakuna. Mama ndiyo anakuja. Mwaka kumi, anakuja. Na mukebe ya chakula. Mimi nafungua ule mukebe, natia kijiko ndani, nakoroga, natafuta kisu, natafuta simu. Amepika usiku, ametembea, na mimi nakoroga chakula yake mbele ya macho yake. Hasemi kitu. Ananiambia asante, afande."

Akasogeza kikombe.

"Yesu, si walimufunga? Ni askari walimufunga. Mimi ni askari. Na mama yake alisimama pale, akaangalia. Sasa mimi jioni napiga magoti, nasema, mama, nisamehe ile chakula. Hiyo ndiyo naomba. Nyingine sina."

Ogutu aliona aibu. Si ile ya kushindwa kwenye ubishi, ambayo hupona kwa kicheko. Hii ilimkaa kifuani. Hata hivyo alikuwa mtu mkweli, na alisema alichoamini. "Mama, mimi bado naona hilo ungemwambia Mungu moja kwa moja."

"Mungu namwambia pia. Lakini Mungu hakuleta chakula getini."

Alirudi Katwe akiwa hana jibu na ana kazi. Hakuwa mtu wa kufanya jambo kwa kificho, kwa hiyo alimpigia Nyongesa simu siku hiyo hiyo akamwambia kwamba ataitengeneza sanamu, na kwa nini. Jumatano Nyongesa akaja karakana na wazee wawili. Walikataa viti.

"Tunaambiwa unatengeneza Bikira Maria."

"Natengeneza, mzee. Na nimekusimulia sababu."

"Sababu nimeisikia, na imenigusa. Lakini, Ogutu, pale darasani tuna watu ambao ndugu zao waliwatenga kwa sababu walikataa sanamu. Yule dada wa benchi la tatu hajaitwa kwenye matanga ya kwao mwaka wa nne huu. Alivumilia kwa sababu ulimfundisha. Utamwambia nini Jumamosi?"

Ogutu alikuwa amejiandaa kwa Bezaleli. Alikuwa amejiandaa kwa nyoka wa shaba, na hata kwa korongo aliyemwekea Nyongesa mwenyewe kwenye geti la nyumba yake. Kwa yule dada wa benchi la tatu hakuwa amejiandaa.

"Sijui nitamwambia nini," alisema.

"Basi mtu asiyejua hawezi kusimama mbele. Hatukufukuzi kanisani, wewe ni ndugu yetu. Iache hii kazi, Jumamosi utafundisha kama kawaida. Ukiifanya, darasa tunampa mwingine." Nyongesa alisema hivyo na macho yake yakalowa, maana alikuwa amekaa benchi la mbele la Ogutu miaka tisa na hakuna aliyelipenda darasa lile kuliko yeye.

Ogutu alivishika vile vipande vya plasta, ambavyo bado vilikuwa mezani, akavipanga bila sababu. Mkono, uso, pindo.

"Mpeni mwingine," alisema.

Ilimchukua wiki tatu. Simba alimjua, korongo alimjua, lakini uso wa mtu hakuwahi kuufua. Alikata bati la pipa, akaligonga kutoka ndani, akaliharibu, akakata jingine. Uso wa kwanza ulikuwa na hasira, wa pili ulifanana na Aluoch, na Aluoch akakataa katakata. Taji hakumvika. Alimfanya mwanamke aliyesimama, kitambaa kichwani, viatu vya kutembea mbali, mkebe wa chakula umening'inia mkononi. Rukiah alikuja kumtazama akiwa na mwiko mkononi, na yeye ambaye hakutaka sanamu hata ya kuku, akasimama.

"Astaghfirullah," akasema. "Huyu namfahamu." Akarudi kwenye sufuria zake bila kusema ni nani.

Jumamosi hizo Ogutu alikaa benchi la mwisho, karibu na tangi la maji. Mwalimu mpya alikuwa mtu mwema, alisoma somo lote kwa sauti safi na kumaliza mapema. Hakuna aliyebishana. Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo: iliuma, na alipofika nyumbani Aluoch hakumwuliza darasa lilikuwaje.

Jumapili ya nne aliipakia sanamu kwenye gari dogo la mizigo. Kule Katwe iliinuliwa na watu wawili. Kule Luzira dereva aliiteremsha kwa kuitelezesha juu ya ubao mpaka chini, akasema mgongo wake hauna bima, akaondoka. Wakabaki uani Ogutu, Rosalba na mama wa chuma.

Rosalba aliizunguka mara moja. Aliuona mkebe. Akaugusa kwa kidole, kwenye kifuniko, akauondoa mkono haraka kama umemuunguza. Alijipigapiga magotini kwa viganja kuonyesha kwamba hayawezi tena kubeba kitu kizito, akatoa simu.

"Otema. Kuja nyumbani. Kuna kitu muzito."

Alikuja baada ya nusu saa, amevaa sare, moja kwa moja kutoka zamu. Alipoingia uani akasimama. Alimtazama mama yake, kisha mwalimu, kisha kile kilichosimama katikati yao. Neno la mwisho lililowaunganisha wote watatu lilikuwa ni lile la nyundo.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikibeba hii, nimevunja amri?"

Mwezi mmoja nyuma Ogutu angekuwa na jibu, na lingekuwa zuri.

"Mimi si mwalimu tena, Otema, na hilo silijui. Shika miguuni. Mimi nashika mabegani."

Otema alivua kofia, akaitia mfukoni, akainama. Wakahesabu hadi tatu, ikanyanyuka. Walikwenda hatua ndogo ndogo, kijana akitembea kinyumenyume, uso wake karibu na mkono ule wa chuma. Kwenye ngazi ya kwanza akasimama. Ogutu alidhani amechoka.

"Mama," alisema Otema, bado ameibeba. "Huu mukebe ni wa nini?"

Rosalba alijifuta viganja kwenye gauni, mara mbili, tatu.

"Weka chini kwanza," alisema. "Hiyo ni maneno mingi."